Mbwa na Bibi Yangu Wana Ugonjwa Mumoja wa Mukojo

Mama Angélique mupenzi,

Nakuandikia hii barua nikiwa nimekaa stoo ya bandari, nyuma ya mifuko ya kahawa, kwa sababu nyumbani sina raha tena ya kukaa: bibi yangu wa ndoa, Florentine, ameenda kwa mama yake kule Bengamisa, aliyebaki ni mbwa peke yake, na huyu mbwa ndiye mwanzo wa maneno yote. Mama, nitafutie shauri. Na ukitaka kuchapa majina yetu kwenye gazeti, chapa tu, mutaa wote wa Mangobo unajua tayari.

Mimi naitwa Alphonse, niko magasinier bandarini, kazi yangu kupokea mizigo inayoshuka kwenye mashua na kuiweka vizuri. Florentine anashona nguo za watu kwa mashini pale barazani kwetu. Ni mwanamuke wa akili, na anasema mambo yake bila kuyazungusha. Mbwa nilimuleta mimi, kwa sababu nilisikia kamisyo inayotoa karte ya évolué, ile ya Mweusi aliyestaarabika, ikipita kwa mutu inaangalia meza, inaangalia vitanda, inaangalia choo, na rafiki yangu René akanihakikishia kwamba mbwa wa nyumbani naye anasaidia. Kamisyo haijapita mpaka leo, lakini mbwa amebaki. Nilimupa jina Kapita, kama musimamizi wa kazi, kwa sababu tangu mudogo alipenda kukaa mulangoni na kuangalia wengine wakifanya kazi.

Bon. Mwanzo wa mvua Florentine alianza kulalamika kwamba mukojo unamuchoma, anaenda chooni, anarudi, hajamaliza kushona hata mukono mumoja wa blauzi anaenda tena, mpaka mwenye blauzi akamuuliza kama kuna mutu anamwita kule nyuma. Akaenda dispansere, infirmier, muuguzi wa pale, akamupa vidonge vya sulfamide, vile vyeupe vikubwa, akamwambia ameze mpaka viishe vyote, na maji mengi. Siku chache tu akaniambia amepona, na kweli nilimusikia anaimba kwenye mashini, na mimi nilipoona vidonge vingine vimebaki ndani ya karatasi nikavificha kwenye kopo. Mama, dawa ya lopitalo, dawa iliyotoka Ulaya, mutu ataitupaje?

Alors, Kapita naye akaanza. Anainua muguu kwenye gurudumu la velo yangu, yanatoka matone, anashusha muguu, anafikiri, anainua tena. Anaenda kwenye muguu wa kiti, kwenye muguu wa mashini, siku moja kwenye muguu wa tonton Cyprien, mujomba wangu, aliyekuja kutusalimia na viatu vipya. Nikaona mukojo wenyewe una wekundu. Nikamuhurumia sana. Nikachukua kidonge kimoja kwenye kopo, nikakikunja ndani ya bonge la lituma, na huyu mbwa anapenda ndizi ya kutwanga kuliko nyama, akameza bila kutafuna. Kesho yake nikampa tena. Akapona! Mama, nilitembea Mangobo kifua mbele. Nilimwambia René kwamba utabibu hauna ugumu sana, ni mambo ya kuangalia tu.

Kisha ugonjwa wa mbwa ukarudi. Nikampa vidonge tena, vikaisha, nikaenda soko kwa Asumani, yule anayeuza sabuni na ndoano na betri, ana chupa moja ya vidonge vilivyochanganyika. Nikamuuliza kama ana vyeupe vikubwa. Akasema, "Vyeupe vimeisha, kaka, lakini hivi vya njano ni ndugu zao." Nikavinunua. Na wiki ile ile Florentine naye ukamurudia, safari hii na homa, na mugongo unauma hapa chini ya mbavu mpaka anashona akiwa ameinama upande mumoja. Kurudi dispansere hakutaka, alisema atachekwa. Nikamwambia usihangaike, dawa ninayo. Lakini vidonge vilikuwa kidogo, donc nikawa navivunja, nusu yake, nusu ya Kapita.

Florentine alikuja kuona nusu ile inachungulia kwenye lituma. Akasimama pale jikoni akiwa na mwiko mukononi.

"Alphonse. Hii ni nini?"

"Ni dawa ya Kapita."

"Na ile nusu niliyomeza asubuhi?"

Nikasukuma lituma nyuma ya sufuria.

"Donc mimi na mbwa tunagawana kidonge."

Nikamwambia nusu kubwa nilikuwa nampa yeye. Sikujua kama hilo nalo ni kosa, lakini tangu siku ile alinipikia bila kuniangalia.

Sasa ya bandarini. Mbwa alizidiwa, nikataka kutoka kazini mapema, nikamupigia René kelele kutoka upande wa pili wa kreni, "René, niko naenda, Kapita hawezi kukojoa, anatoa damu!" Mama, pale bandarini tuna kapita wetu, musimamizi wa kazi, anaitwa Sébastien, mutu muzito, mwenye kofia na filimbi. Kabla ya saa ya kula watu walikuwa wanampa pole. Mupishi wa mashua alimuletea mizizi ya kuchemsha. Mwanamuke anayeuza maandazi alimuambia asione haya, hata mume wake ilimukuta, na akamutajia dada mumoja wa mashua ile ile, kama labda ni yeye aliyemuambukiza. Sébastien akaniita mbele ya watu wote.

"Alphonse, nasikia sikojoi."

"Hapana papa, si wewe, ni mbwa wangu."

"Mbwa wako anaitwa Kapita?"

"Ndiyo, papa."

"Kwa nini?"

Nikajifanya nahesabu mifuko. Akasema nimupeleke yule mbwa kwa munganga wa nyama, yule daktari Muzungu anayeangalia ng'ombe na farasi na mbwa, na nikirudi bandarini awe amepata jina lingine, na yeye kwa upande wake anaona Alphonse ni jina zuri la mbwa.

Nilienda. Munganga wa nyama alichukua mukojo wa Kapita kwenye kichupa, akaniuliza kama nyumbani kuna mutu mwingine anayeumwa hivi hivi, nikasema bibi yangu, akasimama wima akaniambia nimupeleke lopitalo leo leo. Nikamupeleka, vichupa vyote viwili vikaenda laboratware kupimwa. Majibu yaliporudi, daktari wa lopitalo alituambia vidudu vya ndani ya mukojo wa Florentine na vya mbwa ni vya aina moja, vile vinavyoishi ndani ya matumbo, wala siyo ule ugonjwa wa uzinzi, tumushukuru Mungu. Lakini walivipanda kwenye sahani, wakaviwekea sulfamide juu, na vidudu vikaendelea kukua pale pale kama hakuna kitu. Akauliza kama kuna mutu aliyekuwa anakula dawa nusu nusu. Florentine akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha.

Akampa Florentine vidonge vipya, vya aina nyingine, havipatikani kirahisi, akasema meza vyote. Kapita naye alipewa unga na munganga wa nyama, lakini anautapika, donc kwenye vidonge vya Florentine nilitoa vichache tu, nikaviweka kwenye kopo kwa ajili ya mbwa.

Kumbe habari imefika Bengamisa. Mukwe wangu mama Agathe akashuka kwenye lori na mwavuli wake, akasimama katikati ya kiwanja, majirani wakatoka na viti. Akasema, "Mume yuko hapa, bibi yuko hapa, mbwa yuko hapa, ugonjwa ni mumoja. Alphonse, nielezee polepole." Florentine alikuwa analia. Watu walikuwa wanacheka. Akachukua vitu vyake na karatasi ya vidonge, wakaenda. Amenitumia neno kwamba hatarudi nyumba yenye yule mbwa.

Mama Angélique, nifanye nini? Kapita ananiangalia saa hii ninavyoandika, namuleta kazini sasa, namuita "wewe" mpaka apate jina. Nimufukuze mbwa niliyemulea, ao nimungoje bibi hasira ipoe?

Alphonse, Mangobo


JIBU LA MAMA ANGÉLIQUE

Alphonse mwanangu,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka yule anayepanga herufi za gazeti akaja kuuliza kuna nini. Pole kwa Sébastien. Nikaisoma tena, nikafika pale uliposema "nilitoa vichache tu", na hapo nikavaa viatu.

Hukuelewa umeandika nini, eti? Bibi yako ana vidudu ambavyo dawa ya kawaida haiviui tena. Daktari amempatia dawa nyingine, ile anayoitunza kwa wagonjwa wa namna hii, akampa kipimo kamili. Wewe ukakipunguza ukakiweka kwenye kopo. Kisha bibi yako akapanda lori kwenda Bengamisa, mahali ambapo hakuna laboratware wala daktari wa namna ile, akiwa na dawa pungufu na asijue kwamba ni pungufu. Na wewe unaniuliza habari ya kufukuza mbwa.

Sikungoja gazeti litoke. Nilipanda lori la dereva mmoja, Juma, linalokwenda kuchukua mpunga, nikakaa mbele na vumbi langu, nikafika kwa mama Agathe wakati wanapika. Florentine nilimkuta amelala kwenye mkeka mchana kweupe, na mwanamke fundi halali mchana. Nilimgusa paji la uso. Moto.

Nikamuuliza, "Vidonge vyako viko wapi?"

Akasema, "Vimeisha, mama. Daktari alisema vitanifikisha mpaka Jumamosi. Labda alikosea kuhesabu."

Nikamwambia daktari hakukosea. Nikamwambia na ya kopo. Nilifikiri atapiga kelele. Badala yake alikaa, akajifunika uso na kitenge, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu akalia kweli.

Sasa sikiliza, na jambo hili amenipa ruhusa kuliandika, amesema Mangobo ikicheka icheke nyumba nzima, isimcheke mmoja tu. Vile vidonge vyeupe vya kwanza vilikuwa vinamchafua tumbo. Kila akimeza anataka kutapika juu ya nguo za watu. Alipoona mkojo hauchomi tena, akakuambia amepona ili uache kumsimamia. Vile ulivyovikuta kwenye karatasi ni masalio tu, vingine alishaviweka pembeni. Asubuhi, wewe ukishapanda velo yako kwenda bandarini, alikuwa anampa Kapita kidonge ndani ya sombe, yale majani ya muhogo, maana aliogopa kutupa dawa ya Ulaya. Wewe unampa mbwa jioni kwa siri, yeye alikuwa ameshampa asubuhi kwa siri. Huyo mbwa amekula sulfamide kabla hata ya kuugua! Siku moja anapata, siku nyingine hakuna aliyekumbuka. Katika Kisangani yote sidhani kuna mbwa aliyehudumiwa vibaya kwa upendo mwingi namna hii.

Nilimuuliza daktari jambo hili linakuwaje, naye alinieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyashika. Ukianza dawa, vidudu vilivyo dhaifu vinakufa kwanza. Hivyo ndivyo vingi, kwa hiyo maumivu yanatulia, unaimba kwenye mashini. Lakini vimebaki vile vigumu. Ukiendelea na dawa, na maji, na mwili wako mwenyewe unapigana, navyo vinakwisha. Ukiacha katikati, umeviondolea majirani wao wote, umeviachia nyumba, vinazaana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndivyo mlivyofanya ninyi wawili. Mmeua vidudu vilivyokubali kufa, mkafuga vile vilivyokataa. Na mkavigawana: mbwa analamba sufuria, mbwa analala kwenye mkeka wa kushonea, beseni ni moja, mikono ni ile ile. Nani alimwambukiza nani, daktari mwenyewe hakutaka kusema, na mimi sitaki kusikia mkibishana.

Na Asumani wako? Nilipita mezani kwake nikaomba kuona hao ndugu wa njano. Hakujua ni dawa ya nini. Alisema kuna mtu alinunua kwa ajili ya meno. Usirudi pale isipokuwa kwa sabuni.

Bon, turudi kwa Florentine, kwa sababu wewe unaandika kurasa juu ya mbwa na juu ya bibi yako mistari. Ulinieleza kwamba anataka mbwa aondoke. Nilimuuliza mwenyewe. Akaniambia hivi, nami nakuandikia neno kwa neno: "Mama, mbwa simchukii, mbwa nilimlisha kwa mkono wangu. Siku ile mama yangu amesimama kwenye kiwanja, majirani wote wanafikiri nimetembea na wanaume, ao Alphonse ametembea na wanawake. Daktari alishatuambia siyo ugonjwa ule. Alphonse alijua. Nilingoja aseme. Akasema, ngoja nikamwangalie Kapita, akaingia ndani."

Hilo hukuliandika kwenye barua yako, Alphonse. Uliandika tu kwamba watu walikuwa wanacheka.

Nakujua si mtu mbaya. Mtu mbaya hahangaiki na mbwa hivyo, wala haachi kazi kumkimbilia. Uliona haya, na haya ikakupeleka ndani. Lakini ulimwacha bibi yako nje.

Nilirudi naye kwenye lori lile lile, juu ya mifuko ya mpunga tulimpangia mahali laini, na mama Agathe alikuja pia na mwavuli wake, hakuna mtu aliyeweza kumzuia. Lopitalo walimpokea. Alieleza yote, ya sombe na ya lituma, daktari akakasirika kwa Kifaransa kisha akatulia. Wameanza upya kwa sindano, na vidonge anameza mbele ya mtawa anayesubiri mpaka aone ulimi. Homa imeshuka. Mgongo bado unamuuma kidogo lakini ameomba uzi na sindano, anamshonea mtawa mfuko wa aproni, kwa hiyo najua anapona. Hukupewa habari kwa sababu mimi nilikataa. Nilitaka uisome hapa, umekaa nyuma ya mifuko yako ya kahawa.

Sasa utafanya ninavyokuambia bila kupunguza kitu, maana nusu zako tumezijua.

Leo toa kopo lile, lipeleke lopitalo na kila kidonge kilichomo, cheupe na cha njano, umkabidhi infirmier mkononi. Usimuulize kama unaweza kubaki na kimoja. Mbwa mpeleke tena kwa munganga wa nyama, mwambie unga anautapika, mwambie amekula nini tangu mwanzo, naye atampiga sindano. Ukiambiwa mrudishe kesho na keshokutwa, unamrudisha, hata kama ameanza kuruka na kubweka. Sahani yake iwe yake, alale barazani, na kila ukimshika unanawa kwa sabuni kabla ya kushika mkate. Kumfukuza sikubaliani. Kosa hakulifanya yeye. Kuhusu jina, mwite chochote kisicho na filimbi.

Kuanzia sasa, dawa ikitoka lopitalo na jina la mtu mmoja, inaingia kinywani mwa mtu huyo mmoja mpaka iishe. Ikimchafua tumbo, anarudi kusema, hajifanyi amepona. Na hili Florentine nimemwambia kwa ukali ule ule, asifikiri nimepanda lori kwenda kumbembeleza tu.

Jumapili, misa ikiisha, Florentine atatoka lopitalo na atapita nyumbani kwenu pamoja na mama yake. Majirani watatoka na viti, unawajua. Utasimama katikati ya kiwanja, mahali pale pale, na utasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya kreni kwamba bibi yako hakufanya ubaya wowote, wewe nawe hukufanya ubaya huo, na walioharibu dawa ni ninyi wawili kwa ujinga. Wakicheka, ngoja wamalize, kisha rudia. Mama Agathe ameniahidi kwamba atakunja mwavuli na kusikiliza.

Halafu, kabla hujasema neno lolote juu ya mbwa, mpokee Florentine mzigo wake, umuulize mgongo unaendeleaje. Na umngoje ajibu.

Mama Angélique